Hapajafungwa, Ila Hapaendeki: Siku Saba kwenye Magofu ya Pemba

Siku ya kwanza: Malindi ya Unguja hadi Mkoani

Leo mwezi kumi na moja, yaani siku ya kumi na moja tangu mwezi kuandama. Nautaja mwezi kabla ya tarehe kwa sababu safari hii nimeipanga kwa mwezi. Ile ya mwaka jana niliipanga kwa kalenda ya ukutani, ikaharibika.

Nasomesha historia katika skuli moja ya sekondari Unguja. Aprili ya mwaka jana niliwapeleka Pemba wanafunzi 31. Wazazi walichanga tangu Novemba, wengine kidogo kidogo kila wiki. Wakala wa safari tuliyemlipa alituambia magofu yote yako wazi mwaka mzima, tuje siku yoyote tutakayo. Tukaenda katikati ya masika. Basi lilizama matopeni njia ya Pujini, tukamalizia kwa miguu. Nahodha aliyekuwa atupeleke Ras Mkumbuu aliitazama bahari akakataa, na haki ilikuwa yake. Mtambwe Mkuu, kisiwa kinachofikiwa kwa miguu maji yakitoka, tulifika maji yamejaa pomoni, tukasimama ng'ambo tukiangalia mikandaa. Msichana mmoja wa kidato cha pili akaniuliza, "Mwalimu, kwani huo mji ulikuwapo kweli?" Sikuwa na cha kumwonesha.

Swali hilo ndilo lililonirudisha. Likizo hii ya Juni nimekuja peke yangu kutafuta siku ambayo mtoto anaweza kufika, akaona kwa macho yake, akarudi salama na asiache uharibifu nyuma.

Kusi limeshika. Boti ilikwenda vizuri mpaka tulipoiacha Nungwi, hapo ikaanza kupanda na kushuka, akina mama wakawafunika watoto nyuso kwa kanga. Kwenye mkondo huu watu hunyamaza. Septemba 2011 MV Spice Islander ilizama hapa na ndugu zetu wengi. Nimewasomea Fatiha, kama ninavyofanya kila nikipita. Alasiri nikawa Chake Chake.

Siku ya pili: Pujini

Pujini iko kusini mashariki ya Chake, safari ya bodaboda tu. Dereva aliniteremsha pale lami inapokwisha akasema hatii tairi lake kwenye udongo ule. Juzi ilinyesha. Masika yameshatuaga, lakini ardhi bado haijapata habari: udongo wa mfinyanzi, mwekundu kwa juu na wa kijivu ukikanyaga, unaoshika kiatu mpaka uvue. Nikavua.

Mzee anayelima muhogo jirani na gofu alinikuta naosha miguu kwenye dimbwi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umetoka wapi na matope hayo?"

Nikamweleza. Nikamuuliza kama gofu limefungwa msimu huu. Akafikiri kidogo kabla ya kujibu.

"Hapajafungwa. Hakuna aliyepafunga. Ila hapaendeki. Mvua ikishanyesha siku tatu mfululizo, njia hii si ya gari wala ya baskeli. Kwa miguu utapita, lakini boma usilipande."

Neno hilo, hapaendeki, nimeliandika kwenye daftari na kulipigia mstari. Mwaka jana mimi na wakala yule tulikuwa tukiulizana kama pamefungwa au pamefunguliwa, kana kwamba gofu ni duka. Kumbe swali la Kipemba ni kama panaendeka.

Pujini haifanani na mji mwingine wa kale wa pwani yetu. Ni ngome ya karne ya 15, imezungushiwa boma la udongo lililopigwa mawe. Wenyeji wanaiita ngome ya Mkama Ndume, na jina hilo tu linatosha kueleza walivyomkumbuka: mtu aliyekamua wanaume kama wanavyokamuliwa ng'ombe. Inasimuliwa kuwa waliobeba mawe walilazimishwa kujivuta chini kwa makalio, mawe vichwani. Watafiti wa mambo ya kale, Adria LaViolette na wenzake, walichimba hapa wakakuta hata chumba cha chini ya ardhi chenye umbo la siwa lililotengenezwa kwa chokaa ukutani. Siwa, pembe ya wafalme, ndani ya shimo, mahali ambapo mtu hapiti kwa bahati.

Mzee alinionesha kisima. Hadithi yake kila mtoto wa Pujini anaijua: Mkama Ndume alikuwa na wake wawili wasiotaka kuonana, akajenga ukuta, mmoja akawa anashuka kwa ngazi na mwengine anateka kwa kamba na ndoo. Leo vidato viwili vya juu viko nje, cha tatu kimo majini, na juu ya maji linaelea jani moja la mwembe. Vidato vimelika katikati, vimezama kama kinu kilichotwangiwa miaka mingi. Niliinama pale muda mrefu nikavigusa kwa kiganja.

Kisha akanipeleka upande wa pili wa boma. Kulikuwa na mfereji unaoteremka kutoka juu, upana wa mikono miwili, umekula udongo mpaka mawe ya ndani yanaonekana.

"Huu haukuwapo zamani," akasema. "Ulianza kwa nyayo. Watu walipanda hapa wakati wa mvua, mwaka jana, wengi, watoto wa skuli. Kisigino kikichimba, maji yanapata njia. Masika haya yamemaliza kazi."

Nilinyamaza kwanza. Halafu nikamwambia kuwa watoto wale walikuwa wangu. Walipanda kwa furaha baada ya kuhangaika na matope, na mimi nilisimama chini nikiwapiga picha. Sikumficha. Mzee akaniangalia, akasema, "Basi mwanangu, sasa unajua," akanipa kipande cha muhogo wa kuchoma. Sijui kama nimewahi kula kitu kwa uzito kama ule.

Ningekuwa na uwezo, pale lami inapoishia ningesimamisha ubao wa Kiswahili wenye maneno machache: kuanzia Machi hadi mwisho wa Mei boma halipandwi. Ubao huo ungeuokoa ukuta na ungemwokoa pia mgeni anayetoka mbali na fedha zake.

Siku ya tatu: Chake Chake

Mvua tangu alfajiri. Nilikwenda kwenye makumbusho ndani ya ngome kongwe, nikarudi nyumba ya wageni, nikakaa na jedwali langu la maji kujaa na kupwa.

Hesabu si ngumu. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa dakika kama 50. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu ni bamvua: maji yanajaa sana na kutoka sana, na kwetu visiwani kupwa kwa mchana huangukia kuanzia kama saa nne. Mwezi wa saba na wa ishirini na mbili ni maji mafu, hayajai sana wala hayatoki sana, na kwenda Mtambwe kwa miguu siku hizo ni kujitesa. Nilipomaliza kuandika, mama mwenye nyumba alipita na chai. Nikamuuliza kesho kutwa maji yatatoka saa ngapi. Akanitajia bila kuangalia kitu, na tofauti yake na karatasi yangu ilikuwa robo saa. Anakwenda pwani kuokota chaza tangu yu msichana.

Siku ya nne: Ras Mkumbuu

Nahodha aliniambia tuondoke Wesha mara baada ya Alfajiri. "Asubuhi kusi limelala. Ikifika saa sita linaamka, na ukilikuta nje ya ghuba utajua." Maji yalikuwa yanatoka, yakatusukuma nje. Dau la mashine, watu watatu: nahodha, mwanawe aliyeshika panga, na mimi. Nilimwita ami, kwa umri wake na kwa sababu maisha yangu yalikuwa mkononi mwake.

Ras Mkumbuu ni kidole cha ardhi kinachoingia baharini magharibi ya Chake. Ipo njia ya nchi kavu kupitia rasi, ila wakati huu nahodha aliniambia ni vichaka na matope, anayekwenda ni mwenyeji. Wataalamu wengi wanaamini huenda hapa ndipo palipokuwa Qanbalu, mji ambao al-Masudi, msafiri na mwanahistoria wa Kiarabu, aliufikia kwa mara ya mwisho mwaka 916. Aliandika kuwa amesafiri bahari nyingi na hakuona yenye hatari kuliko bahari ya Zinji, yaani ya pwani yetu hii. Nilipomsimulia nahodha maneno hayo alitikisa kichwa akauliza, "Alikuja mwezi gani?" Katika miaka yote niliyosomesha habari za al-Masudi, hakuna mwanafunzi wala mwalimu aliyewahi kuniuliza hivyo, na ndilo swali la mtu wa bahari.

Tuliteremka maji yakiwa magotini. Kwanza unaona majani tu. Masika yamelishika gofu lote, mitambaazi imepanda mpaka juu ya kuta za msikiti, na kama hujui unapita hatua tano kutoka mihirabu ya watu wa karne zilizopita usijue. Kijana akainua panga. Baba yake akamzuia: "Kata nyasi za njia tu. Zilizoshika ukuta ziache mpaka zikauke." Akanieleza kuwa mzizi mbichi ukivutwa unatoka na jiwe lake, ila ukisubiri hadi kiangazi unakatika wenyewe. Kuta hizi ni matumbawe na chokaa. Zikinywa maji huwa nzito, zikibomoka hazina fundi anayezirudisha kama zilivyokuwa. Nikaikumbuka Beit al-Ajaib, jumba letu la kale la Forodhani, ilivyoporomoka upande mmoja tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu. Ile ilikuwa katikati ya mji, mbele ya macho ya serikali na wageni wote. Huku ukuta ukianguka usiku, atakayejua ni mvuvi.

Makaburi ya nguzo yapo. Nilisimama mbele ya moja, nguzo yake imefika kifuani kwangu baada ya kukatika. Kwenye chokaa kuna shimo la duara, kina cha kidole, laini kama ndani ya bakuli, maana ndivyo lilivyotokea: pwani nzima ilikuwa desturi kupachika mabakuli ya kigeni kwenye makaburi ya wakubwa. Bakuli limekwenda, alama ya tako lake imebaki. Kando chini kulikuwa na kipande cha chetezo na majivu ya ubani, si ya zamani. Watu bado wanakuja kuomba dua. Kwa hiyo kuna siku ambazo mgeni akikuta wenyewe wana shughuli zao anapaswa kusubiri pwani, na hilo pia ni kufungwa, ambalo halimo kwenye karatasi yoyote. Nahodha alisema dawa yake ni moja: kumpitia kwanza sheha, kiongozi wa eneo, au angalau mzee mmoja wa Ndagoni, kijiji cha jirani.

Saa sita kasoro tulikuwa tumeshapanda dau. Maji yameanza kujaa yakiturudisha ndani, na nyuma yetu, nje ya ras, bahari ilikuwa imeanza kuota mapovu meupe.

Siku ya tano: Tumbe na Chwaka

Kaskazini kunaendeka kwa urahisi zaidi, na nitakuwa mfupi. Gari hadi Konde, kisha Tumbe, ambako soko la samaki lilikuwa limechangamka. Magofu ya Chwaka yako karibu, kwa njia ya miguu katikati ya makonde ya muhogo: msikiti unaoitwa wa Haruni, ambaye wenyeji wanasema ni mtoto wa Mkama Ndume, na makaburi. Ardhi hapa ina mchanga, inakunywa maji haraka. Hata baada ya mvua ya juzi nilifika na viatu.

Jambo lililonikaa ni bondeni. Mpunga umesimama, kijani kibichi. Watafiti waliochuja udongo wa Tumbe na Chwaka walikuta kuwa watu wa Tumbe, kati ya karne ya 8 na ya 10, walikula zaidi uwele, na baadaye Chwaka ilipokua mchele ukatawala. Mji huu ulishiba kwa mvua hizi hizi zinazotuzuilia njia. Nitawaambia watoto wasiyachukie masika.

Usiku nimelala Wete.

Siku ya sita: Mtambwe Mkuu

Mwezi kumi na sita. Kupwa kabisa saa tano kasorobo. Hii ndiyo siku niliyoipigia hesabu tangu Unguja.

Nilimpitia sheha, akaniunganisha na Bi Mkubwa mmoja anayeokota chaza upande ule, pamoja na mjukuu wake wa miaka kama kumi. Bi Mkubwa aliniangalia miguu kwanza. "Viatu hivyo vivae. Chaza wanakata." Kisha akachukua kijiti cha mkandaa alichokuwa nacho, amekitia alama tatu kwa kisu, akakichomeka kwenye tope ukingoni mwa mkondo, penye maji ya kifundo.

"Alama ya chini ikizama, tunaanza kurudi. Ya pili ikizama, tunarudi mbio. Ya tatu usiiulize."

Tukavuka saa tatu na nusu. Mahali ambapo mwaka jana nilisimama na watoto 31 nikitazama maji matupu, leo ni uwanja. Tope la kijivu lina mikunjo kama paa la bati, kaa wadogo wanaingia mashimoni hatua moja kabla ya mguu wako, mizizi ya mikandaa imesimama hewani kama vidole. Katikati kuna mkondo mwembamba usiokauka, maji ya goti, baridi. Nililia kidogo pale mkondoni, na Bi Mkubwa hakuuliza kwa nini.

Kisiwani hakuna minara. Lazima niseme hivyo ili mtu asije akitegemea Roma. Kuna mikorosho, kuna migomba, kuna vigae kwenye mchanga kila unapoinama. Lakini hapa mwaka 1984 mtafiti wa mambo ya kale Mark Horton na wenzake walikuta zaidi ya sarafu 2,000 za fedha zimezikwa pamoja na chache za dhahabu. Za fedha ni ndogo, nyepesi kama gamba la samaki, na nyingi ni za watawala wa huku huku pwani, akiwemo Ali bin al-Hasan. Maandishi ya upande mmoja wa sarafu yanakamilisha kwa vina yale ya upande wa pili. Watu waliogonga fedha yenye vina! Karne ya 11, kwenye kisiwa ambacho leo mgeni anaambiwa "maji yamejaa, rudi."

Mjukuu aliinua kigae cha bluu akanipa. Bi Mkubwa akamwambia akirudishe pale pale, kwenye shimo lake, uso ulivyokuwa umelala. Mtoto akakirudisha, akakifunika na mchanga. Nimeyaweka hayo kwenye somo langu la kwanza.

Saa sita kasorobo Bi Mkubwa alisimama ghafla. Sikuona chochote, mchanga wa mbele ulikuwa mkavu bado. Akanielekeza nyuma, kwenye mikandaa. "Maji hayaji kwa mbele mwanangu. Yanapita huko ndani, yanaujaza mkondo kwanza. Ukiyaona mbele umeshachelewa." Tulipofika kwenye kijiti alama ya chini ilikuwa imezama, na ya pili inalambwa. Maji ya mkondo yalinifika pajani. Tope lilikuwa limelainika, kila hatua inavuta. Mtoto alibebwa mgongoni na bibi yake, mwanamke wa umri wa mama yangu, na mimi nikabeba kapu la chaza.

Ng'ambo tuligeuka. Kwa muda wa kunywa kikombe cha chai uwanja wote ukawa bahari.

Nikamuuliza kama angekubali kuwaongoza watoto wangu. Akauliza ni wangapi. Nilipotaja 31 akakataa palepale. "Kumi na mbili. Nami nipate mtu wa pili wa kukaa nyuma." Nikamuuliza mwezi gani. Akahesabu kwa vidole: masika hapana, sasa kusi kali na mvua za mchoo zaja, "njooni tanga mbili, kabla ya vuli. Upepo umelegea, njia kavu, na bamvua za wakati huo zinatoka sana." Jedwali langu linakubaliana naye: mwisho wa Septemba, bamvua huwa ni kubwa kuliko za miezi mingi ya mwaka.

Siku ya saba: Mkoani hadi Unguja

Nimeandika barua ya mwalimu mkuu nikiwa ndani ya boti, kwa penseli, kwa sababu ya mawimbi. Mwisho wa Septemba, mwezi kumi na tano hadi kumi na saba. Wanafunzi 24, makundi mawili ya 12, kila kundi na siku yake ya Mtambwe. Pujini kwa miguu kutoka kwenye lami, bila kupanda boma, na saa moja ya kubeba udongo kuziba mfereji kama mzee yule na wanaosimamia mambo ya kale wataturuhusu. Ras Mkumbuu iwe asubuhi tu, na nahodha akisema hapana iwe hapana, fedha ya dau alipwe nusu. Kumpitia sheha kila shehia. Fedha za wakala ziende kwa Bi Mkubwa na mwenziwe.

Yule msichana sasa yuko kidato cha tatu. Jina lake nimeliandika la kwanza kwenye orodha, kundi la kwanza, la mwezi kumi na sita.